Muulize Mjomba: Nimeipenda BSA ya marehemu, leseni yangu ni ya gari

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina umri wa miaka 34. Naishi Ngamiani hapa Tanga na kazini kwangu ni Pongwe. Nakuandikia kwa jambo ambalo nyumbani wananiona nimerukwa na akili.

Jirani yetu wa zamani alikuwa fundi wa reli. Mzee huyo alikuwa na pikipiki ya Kiingereza, BSA Bantam ya cc 175, nyekundu, na tangu nikiwa mtoto nilikuwa nikiusikia mlio wake asubuhi anapokwenda karakana. Mzee alifariki mwaka juzi. Pikipiki imebaki stoo, imefunikwa turubai. Mwanawe mkubwa ameniambia anaiuza kwa shilingi 1,800,000. Kadi ipo lakini ina jina la marehemu, na kibao cha namba ni cha zamani, kinaanza na TZ. Nilipouliza itakuwaje kuhusu kubadilisha jina, akanijibu, "Wewe lipa tu, mambo ya kadi utayamaliza mwenyewe taratibu." Anasema kuna mtu wa Dar anakuja kuichukua mwisho wa mwezi.

Mjomba, gari naendesha na leseni yangu ni daraja D. Vijana wa bodaboda kijiweni wanasema D inatosha kwa pikipiki. Fundi mmoja ameniambia hapana, inatakiwa A, ila ana mtu wake atakayenitolea kwa laki na nusu bila kwenda kwenye mtihani. Kaka yangu yuko Leicester, Uingereza, naye amenitumia ujumbe mrefu kwamba lazima nianze na CBT halafu nikachukue A2 kwa kuwa nimeshapita miaka 19. Nimechanganyikiwa kabisa.

Mama hataki hata kusikia. Anasema mwanamke na baibui lake juu ya pikipiki, watu watasema nini.

Naomba uniambie: ninunue au niache? Nianze na lipi? Na je, naweza kufanyia mtihani kwa hiyo hiyo BSA ili niizoee mapema?

Mwalimu, Ngamiani

*

Marahaba mpwa wangu.

Hukurukwa na akili. Chombo ulichokisikia tangu utotoni kikiuzwa mlango wa pili, moyo lazima ushtuke. Nataka uipate hiyo Bantam. Ndiyo maana nakuomba usilipe hata shilingi moja kwa masharti uliyopewa, wala usiipande hata kwenda dukani, mpaka mambo mawili yakamilike: leseni yako na karatasi zake.

Tuanze na leseni, kwa sababu hapo watu watatu wamekupa majibu matatu na yote yanakupoteza; fundi tu ndiye aliyepatia herufi, ila njia yake ni mbovu.

Daraja D ni la gari. Linakuruhusu kuendesha magari ya kawaida na limeziacha nje pikipiki, magari makubwa na magari ya abiria. Vijana wa kijiweni wamezoea kuona mtu mwenye leseni ya gari akipita juu ya pikipiki bila kusimamishwa, wakadhani ni halali. Trafiki akikusimamisha ukiwa na D juu ya BSA, mbele ya sheria huna leseni ya chombo hicho. Faini ndiyo hasara ndogo. Ukimgonga mtu, hata kama yeye ndiye aliyekurupuka, swali la kwanza litakuwa leseni yako ni ya daraja gani, na kampuni ya bima nayo itauliza hilo hilo kabla ya kufungua mkoba.

Pikipiki hapa kwetu zina madaraja yake. A3 ni ya vile vidogo visivyozidi cc 50. A1 ni ya pikipiki isiyozidi cc 125, isiyo na kigari cha pembeni. A yenyewe ni ya pikipiki inayovuka cc 125. A2 ni ya vyombo vya magurudumu matatu au manne. Sasa itazame Bantam yako. Kwa macho ni ndogo, nyepesi kuliko Boxer iliyopakia abiria wawili, na mtu anaweza kuapa kwamba A1 inaitosha. Lakini injini ya hiyo 175 ina zaidi ya cc 170, kwa hiyo imeshavuka mstari. Wewe unahitaji A. Ukiomba A1 kwa kudhani chombo ni kidogo, utarudi tena kulipa na kupimwa upya.

Kaka yako wa Leicester hakukudanganya, ila amekueleza sheria ya huko aliko. Uingereza mtu huanza na mafunzo ya siku moja yaitwayo CBT, cheti chake kinadumu miaka miwili, kisha kuna mtihani wa nadharia na mitihani miwili ya vitendo, mmoja uwanjani na mmoja barabarani. A2 yao ni ya pikipiki za kati, zisizozidi kilowati 35, kuanzia umri wa miaka 19, na A kamili ni miaka 24, au 21 kwa aliyekaa na A2 miaka miwili, kwa hiyo hata huko, kwa miaka yako 34, si lazima upitie A2. Ukiingia ofisini hapa Tanga ukasema unataka A2, watakuelewa kwamba unataka kuendesha bajaji. Na ukivuka Horohoro, Kenya nako herufi hizo hizo zina maana nyingine. Mwambie kaka asante, halafu mweke pembeni kwanza. Nitakuja kumhitaji baadaye kwa jambo lingine.

Huyo mtu wa laki na nusu, mkimbie. Leseni inatolewa na TRA baada ya polisi kuthibitisha kwamba mwombaji amefaulu. Anayekupa kadi bila kupita huko anakuuzia moja kati ya mawili: kadi ya bandia, ambayo kuitumia ni kosa la jinai, au kadi iliyopatikana kwa rushwa, ambayo wewe mwalimu wa watoto wa watu utaibeba mfukoni kila siku ukijua ilivyopatikana. Tena kuna la zaidi. Wewe hujawahi kuendesha pikipiki. Mtihani ule ndio mahali pekee ambapo mtu asiyekujua na asiyekuonea haya atakutazama ukikata kona na kukuambia bado. Usilipe laki na nusu ili kulikwepa jambo litakalokuokoa maisha.

Njia yenyewe si ngumu kama inavyosemwa vijiweni. Nenda chuo cha udereva kilichosajiliwa na uulize mafunzo ya pikipiki. Tanga tuna VETA, na vipo vyuo binafsi. Dai uone usajili wao kabla ya kulipa. Utachukua leseni ya kujifunzia, ile ya daraja H, na utajifunza ukiwa na kibao cha L na mwalimu wako. Ukishaiva unapelekwa kupimwa na polisi wa usalama barabarani: alama, maswali ya sheria, kisha kuendesha mbele yao. Ukifaulu unapata cheti cha umahiri, unapima macho, unakwenda TRA kuongezewa daraja A kwenye leseni uliyonayo. D yako haipotei. Leseni siku hizi inadumu miaka mitano, kwa hiyo angalia na ya kwako inaisha lini. Kama imebaki miezi michache, uliza kama mambo mawili yanaweza kumalizwa kwa safari moja.

Kwenye maswali ya sheria usiwe na kiburi cha udereva wa gari. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, zebra, nani apite kwanza kwenye kipilefti, hayo unayajua, lakini kwenye gari umezoea bodi kukulinda pale unapokosea. Jifunze upya kutazama. Kabla hujahama upande, geuza shingo utazame nyuma ya bega, vioo havioneshi kila kitu. Jifunze kusimama haraka kwa breki zote mbili bila kufunga gurudumu la mbele, hasa panapokuwa na mchanga. Na jifunze kwenda polepole sana bila kuweka mguu chini, maana mbio kila mtu anaziweza. Anayejua pikipiki utamwona kwenye mwendo wa kutembea, kule Barabara ya Kumi na mbili saa za soko, baiskeli mbele, mkokoteni pembeni na mtoto anavuka na sinia la maandazi kichwani.

Sasa swali lako la kufanyia mtihani kwa BSA. Hapana, na sababu yake ni ya miguu.

Kwenye pikipiki zote unazoziona mjini, gia ziko mguu wa kushoto na breki ya nyuma mguu wa kulia. Bantam imegeuzwa: gia kulia, breki ya nyuma kushoto. Ndivyo Waingereza walivyotengeneza pikipiki zao kwa miaka mingi, na mpangilio wa gia kushoto ulienea kwao baada ya Marekani kuulazimisha katikati ya miaka ya 1970, wakati Bantam imeshaacha kutengenezwa tangu 1971. Ukijifunzia juu ya BSA, mwili wako utaandika kwamba breki iko kushoto. Halafu siku moja unaazima Honda ya mwenzako, mbuzi anakatiza, unakanyaga kushoto kwa nguvu zako zote na unachopata ni gia kubadilika. Nimeshawaona watu wazima wenye uzoefu wakikanyaga mguu usio wake wakishuka kwenye chombo kimoja na kupanda kingine.

Jifunzie na ufanyie mtihani kwa pikipiki ya kawaida, yenye gia kushoto, yenye indiketa, yenye breki zinazoshika. Muulize mwalimu wa chuo utapimwa kwa chombo cha ukubwa gani, kwa sababu unaomba A na si A1, na usikubali jibu la "hiyo hiyo tu". Ukishapata leseni, endesha hiyo ya kawaida miezi kadhaa mpaka usiwaze tena miguu yako. Ndipo uipande Bantam, kwanza kwenye uwanja mtupu asubuhi mapema, ukirudia jambo moja tu: kusimama. Bantam ya miaka hiyo haina indiketa, kwa hiyo ishara za mkono ulizojifunza chuoni ndizo utakazozitumia kweli.

Tuje kwenye karatasi. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kuliko hata kukuogopea barabarani.

Mtu anayekuuzia si mwenye mali. Kadi ina jina la marehemu, na marehemu akishafariki mali yake ni ya warithi wote mpaka igawanywe. Kuwa mtoto mkubwa hakumpi mtu mamlaka ya kuuza. Umeniambia habari za kijana. Hukuniambia kama mjane yupo, kama wapo dada zake, kama kuna ndugu yuko Mombasa au Muscat. Kama familia yao ni ya Kiislamu na mzee ameacha watoto, mjane ana thumni yake ndani ya kila kitu, na hiyo pikipiki ni kitu. Kila binti ana fungu lake, hata kama ni nusu ya la kaka yake. Ukilipa leo milioni moja na laki nane mkononi mwa mmoja, kesho dada mtu anateremka stendi ya Kange na begi lake na kuuliza pikipiki ya baba iko wapi, na atakuwa na haki ya kuuliza. Wewe ni jirani yao. Utaipitisha mbele ya mlango wao kila siku.

Kwa hiyo muulize kijana swali moja kwa adabu: nani msimamizi wa mirathi? Kama yupo, ana barua ya Mahakama ya Mwanzo iliyomteua. Iombe, isome, andika namba ya shauri. Kama hayupo, familia ikae kikao, waandike muhtasari, waende mahakamani na cheti cha kifo wateue mmoja. Huyo atakayeteuliwa ndiye atakayetia saini mkataba wa mauziano na wewe, na TRA watataka barua yake, kadi halisi, na TIN za pande zote mbili ndipo wabadilishe umiliki. Usikubali kauli ya "utayamaliza mwenyewe taratibu". Mnunuzi hawezi kuimaliza mirathi ya watu wengine. Bila saini ya msimamizi, kadi ile itabaki na jina la marehemu mpaka wewe nawe uzeeke.

Halafu kibao cha TZ. Pikipiki za sasa zinasajiliwa kwa herufi MC, na namba za zamani nyingi hazikuhamishwa zilipobadilishwa namba. Kabla ya mkataba wowote, chukua nakala ya kadi uende nayo TRA hapa mjini uulize kama chombo hicho kimo kwenye kumbukumbu zao na nini kinatakiwa ili kipate namba mpya. Waulize na gharama, uandike. Mtu akikuambia kuna deni la leseni ya barabara la kila mwaka tangu mzee alipoacha kuiendesha, usimlipe yeye. Ile ada ya mwaka ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, na habari za madeni ya nyuma zinajibiwa TRA, si stoo kwa watu.

Chukua pia tochi na kipande cha msasa laini, usome namba za chombo mwenyewe. Ya fremu utaitafuta mbele, karibu na shingo ya usukani. Ya injini imegongwa kwenye chuma cha injini, si kwenye silinda. Futa kutu taratibu, usisugue hadi kuifuta namba. Kwa BSA nyingi za zamani namba ya injini na ya fremu hazilingani, usishtuke. Linalotakiwa ni kila moja ilingane na kilichoandikwa kwenye kadi. Namba ikiwa imesagwa, au herufi zake zimekaa upande upande kama zimegongwa na mkono wa juzi, ondoka. Na pitia kituo cha polisi uulize kama namba hizo zina shida.

Sasa mashine yenyewe. Umesema imekaa stoo tangu mzee afariki, na Tanga hewa yetu ina chumvi. Fungua kifuniko cha tangi, mulika ndani. Ukiona ukoko wa kutu unaomenyeka, hesabu tangi kama gharama, kwa sababu unga ule utashuka hadi kwenye kabureta. Siku ya kwenda kuisikiliza usitoe taarifa mapema, na kabla hawajapiga kiki weka kiganja juu ya silinda. Ikiwa ya moto, wameshaihangaikia kabla hujafika, na hutajua inawakaje asubuhi.

Hiyo injini ni ya mipigo miwili, inakunywa oili iliyochanganywa na petroli. Moshi kidogo wa bluu ni kawaida yake. Moshi mzito usiokatika hata ikishapata moto, au injini inayopanda mbio yenyewe bila kuguswa, mara nyingi ni sili za krenki zimekauka kwa kukaa, na kuzibadilisha kunataka injini ipasuliwe. Tafuta fundi mzee aliyewahi kushika Vespa au Yamaha za zamani. Vijana wengi wamekulia kwenye injini za mipigo minne na watakumwagia oili mahali pasipo pake.

Kisha tazama nati. Hili dogo linanieleza mengi kuliko rangi. BSA imefungwa kwa nati za vipimo vya Kiingereza cha zamani, na spana zetu za milimita hazikai sawasawa. Ukiona pembe za nati zimeliwa na kuwa duara, ujue zimefunguliwa kwa spana malaya na mtu mwenye haraka, na kama nje pako hivyo, ndani ya injini usitegemee adabu zaidi. Kwa fundi wa reli sitarajii hivyo. Watu wa karakana za reli walikuwa na spana za Kiingereza kamili, na pengine sanduku lake la spana bado liko stoo. Ulizia sanduku hilo. Kama lipo, lipiganie liingie kwenye bei, maana kulipata lingine hapa Tanga ni kazi.

Na hapa ndipo kaka yako wa Leicester anaporudi. Bantam zilitengenezwa kwa wingi sana tangu 1948, na Uingereza vipuri vyake bado vinauzwa: ringi, pistoni, platini, gasketi, sili, hata nyaya za klachi. Badala ya kukutumia sheria za huko, akutumie orodha ya bei. Anza na sili, platini na gasketi, ni vyepesi kubeba kwenye begi la mtu anayekuja likizo. Matairi na cheni ukague kama yanayofaa yanapatikana hapa, usiyaagize kabla ya kutafuta.

Kuhusu bei siwezi kukuambia 1,800,000 ni ghali au rahisi bila kuiona. Lakini usiijadili kama namba moja. Toa humo gharama ya usajili mpya ulioandikiwa TRA, toa tangi kama limeoza, toa sili na kazi ya fundi. Kinachobaki ndicho unachomlipa msimamizi kwa ajili ya chuma. Ikiwa inawaka, namba ni safi na sanduku la spana lipo, mimi ningekuwa mpole kwenye bei.

Nikuambie na hili kabla hujaanza kuota: usiifanye ya kwenda nayo kazini. Barabara ya Pongwe ina malori ya saruji na mabasi ya Dar yanayokimbilia stendi. Bantam ina nguvu ndogo na breki za ngoma za zamani, taa zake ni za volti 6 na hufifia injini ikipunguza mwendo. Pale unapotaka kumpisha basi, huna mwendo wa kumkimbia wala breki za kumsubiri. Panda daladala siku za kazi. Bantam iendeshe mjini, asubuhi ya Jumapili kwenda Raskazone, jioni kabla jua halijazama. Wala usikimbilie kuipeleka Lushoto. Kwenye injini ya namna hiyo oili inaingia pamoja na petroli, kwa hiyo ukishuka mteremko mrefu umefunga mafuta kabisa, na oili nayo inakatika wakati injini inazunguka kwa kasi, na pistoni inaweza kushika.

Mama yako. Anasema watu, lakini nadhani anachokiogopa ni wewe kuanguka, na kuogopa hivyo ni haki yake. Usibishane naye habari za watu. Mwoneshe kofia ngumu uliyonunua kabla ya pikipiki, ile inayofunika uso mzima na inayokaa vizuri juu ya mtandio mwepesi uliobana. Mwambie kwamba utavaa suruali pana na kanzu fupi ya juu, na viatu vinavyofunika kifundo, kwa sababu katika hilo la baibui amesema kweli kuliko alivyokusudia. Kitambaa kinachopepea hudakwa na cheni au spoki, na kinapodakwa hakimpi mtu nafasi ya kufikiri. Mtandio uchomekwe ndani ya shati, usining'inie nyuma. Siku ya mtihani mwombe akuombee dua, asije akasikia kwa majirani kwamba ulikwenda.

Umebaki na mtu wa Dar wa mwisho wa mwezi. Huenda yupo, huenda hayupo. Kama yupo, naye atakutana na kadi ile ile ya marehemu, kwa hiyo hayuko mbele yako. Nenda kwa familia, uketi na mjane kwanza kabla ya kijana, umwambie ulivyokuwa ukimsikia mumewe akitoka asubuhi na kwamba ungependa chombo kibaki mtaani. Toa arbuni ndogo, ambayo hata ikipotea hutalala njaa. Iandikwe kwamba ni arbuni ya BSA yenye namba fulani za fremu na injini, kwamba salio litalipwa siku msimamizi wa mirathi atakapotia saini mkataba mbele ya wakili, na kwamba mirathi isipofunguliwa ndani ya miezi sita arbuni inarudi. Mjane na watoto waliopo watie saini, mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, kila mmoja abaki na nakala. Miezi hiyo sita ndiyo ya kwenda chuo. Jumatatu baada ya vipindi pita ukaulize ada.

Mjomba wako